MOTOKAA INAYOKATAA KUWAKA BAADA YA KUTENGENEZWA NYUMBANI

Somo kwa wenye magari, na kwa walimu na wanafunzi wa ufundi

Motokaa katika nchi ya mashamba si chombo cha fahari. Ndiyo ichukuayo mgonjwa usiku kwenda hospitali, ndiyo ipelekayo mahindi na pamba sokoni kabla mvua haijafunga njia, na ndiyo imletayo mwalimu pamoja na vitabu vyake. Kwa hiyo motokaa moja ikilala, hasara haimpati mwenyewe peke yake, huwafikia na majirani.

Watu wengi hujitengenezea magari yao wenyewe, maana fundi yu mbali na ujira wake si haba. Jambo hili si la kulaumiwa. Mtu ajuaye chombo chake hukitunza vema. Walakini hutokea mara nyingi kwamba gari lililoingia kivulini likikohoa hutoka likisukumwa. Mwenyewe amebadili plagi, amesafisha kabureta, amekaza kila parafujo, na sasa injini haitaki kuwaka kabisa. Hapo wengi hushikwa na hasira. Hufungua hiki na kile pasipo mpango, na kosa moja huzaa makosa matano. Makusudi ya somo hili ni kuonyesha njia ya kutafuta ubovu kwa taratibu, hatua baada ya hatua, mpaka upatikane.

Tutasema hasa habari za injini ya petroli yenye silinda nne, kabureta na distribuita, kama ile ya Land Rover za zamani, ambazo namna yake ya kwanza ilionyeshwa watu katika mji wa Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Injini ya namna hii yafaa sana kwa kujifunza, kwa kuwa karibu kila kitu chake chaonekana kwa macho na kushikika kwa mkono. Mwishoni tutasema machache juu ya magari mapya. Injini za dizeli hazina plagi za cheche, nazo zataka somo lao peke yake.

MAMBO MANNE YA LAZIMA

Injini ya petroli hufanya kazi kwa hatua nne, kama alivyoonyesha Nikolaus Otto, Mjerumani, katika injini yake ya mwaka 1876. Kwanza pistoni hushuka na kufyonza hewa iliyochanganyika na petroli. Pili hupanda na kuubana mchanganyiko ule. Tatu cheche ya plagi huuwasha, nao ukipanuka huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Nne pistoni hupanda tena na kuutoa moshi. Katika hatua hizo nne mhimili mkuu wa injini huzunguka mara mbili, na rota ya distribuita huzunguka mara moja tu. Msomaji alishike neno hili, maana tutalihitaji mbele.

Basi ili injini iwake, hapana budi yapatikane mambo manne: izungushwe kwa mwendo wa kutosha, ipate petroli na hewa kwa kadiri, yaani hewa kama sehemu 15 kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzito, mchanganyiko huo ubanwe vizuri, na cheche yenye nguvu itoke kwa wakati wake. Moja likikosekana, injini haiwaki. Hakuna la tano. Kwa hiyo kazi yako ni kuuliza, je, katika manne haya limekosekana lipi?

KANUNI YA KWANZA: RUDI PALE ULIPOGUSA

Ikiwa gari lilikuwa likiwaka jana, ukalitengeneza leo, nalo likakataa, usianze kuwaza juu ya ubovu mpya uliotokea wenyewe. Huenda ukawa upo, lakini ni nadra. Mara nyingi kosa limo katika kile ulichokishika, au katika waya au mpira ulio karibu nacho ambao mkono ulipita ukauvuta.

Keti chini kivulini, uandike kwenye karatasi kila kitu ulichokifungua, kwa utaratibu ule ule. Kisha ukague kimoja kimoja bila kufungua kitu kingine. Je, kila waya umerudi mahali pake? Je, kuna parafujo au kipande kilichobaki sakafuni? Wazee wetu husema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na vyuma vya injini ni mali.

HADHARI KABLA YA KUANZA

Tia gea huru, funga breki ya mkono, na uweke mawe mbele na nyuma ya magurudumu. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini, nao huweza kushika moto kutoka jiko lililo mbali kidogo. Kwa hiyo usivute sigara, wala usifanye kazi hii karibu na moto au kwa mwanga wa kibatari. Watoto wakae mbali.

Betri nayo, hasa inapotiwa nguvu, hutoa hewa iwezayo kulipuka. Unapoifungua, toa kwanza ule waya uliofungwa kwenye mwili wa gari, na unapoirudisha, uufunge waya huo mwisho. Hivyo spana ikigusa chuma haitatoa cheche kubwa. Maji ya betri ni asidi: yakikurukia, jioshe mara moja kwa maji mengi.

Tena, wako watu wamwagao petroli kwenye mdomo wa kabureta huku mwenzao akizungusha injini. Wasifanye hivyo kabisa. Injini ikipiga kinyumenyume, ule moto hurudi juu na kumpata aliyeinama. Gari laweza kununuliwa jingine, lakini macho hayauzwi dukani.

IKIWA STATA HAIZUNGUKI, AU YAZUNGUKA KWA UNYONGE

Washa taa kubwa za mbele, kisha ujaribu stata huku mwenzako akizitazama. Taa zikizimika au kufifia sana, nguvu ya betri haitoshi, au njia yake imezibwa na kutu kwenye vichwa vya betri. Visugue mpaka ving'ae, uvikaze. Betri nzima iliyojaa na kupumzika huonyesha karibu volti 12.6, ikiwa chini ya 12, haina nguvu ya kutegemewa.

Taa zisipobadilika kabisa na stata iko kimya, basi umeme haufiki kwenye stata. Fuata nyaya zake mpaka mwisho.

Liko kosa moja lipendalo kujificha. Injini imekaa juu ya mipira, kwa hiyo umeme hurudi kutoka kwenye injini mpaka kwenye mwili wa gari kwa njia ya waya mnene uliosukwa. Mtu akishusha injini au gea boksi, husahau kuurudisha waya huu. Kisha umeme hutafuta njia nyingine, hata kupitia kamba ya chuma ya choki au ya mafuta, na kamba hizo hupata moto na kutoa moshi. Ukiona hivyo, acha mara moja, uufunge waya ule.

Tena tazama kama betri imefungwa sawasawa. Magari mengi ya Kiingereza ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa ncha ya kujumlisha kwenye mwili wa gari, kinyume cha desturi ya leo. Asiyejua hili akiweka betri kama alivyozoea huweza kuharibu vyombo.

Usiishike stata zaidi ya sekunde 10 kwa mara moja. Ipumzishe angalau nusu dakika. Ikiwa huna betri na gari lina hendeli ya kuzungushia kwa mkono, kama yalivyokuwa magari mengi kabla Cadillac haijaanza kuuza gari lenye stata ya umeme mwaka 1912, basi uvute hendeli kutoka chini kwenda juu, usiisukume kwenda chini. Na kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Ikiwa wakati wa cheche umewekwa mapema mno, injini hurudi nyuma ghafula, na mikono mingi imevunjika kwa sababu hiyo.

IKIWA STATA YAZUNGUKA VEMA LAKINI INJINI HAISHIKI

Hapa anza na cheche, maana ni rahisi kuipima. Chukua plagi ya akiba, uitie kwenye waya wa silinda moja, na mwili wake wa chuma uulaze ugusane na chuma safi cha injini, mbali na kabureta. Usiishike kwa mkono. Mwenzako azungushe injini. Cheche njema ni ya rangi ya samawati, nayo hulia. Cheche nyembamba ya manjano ni dhaifu. Pasipokuwa na cheche kabisa, endelea hivi.

Fungua kifuniko cha distribuita. Je, rota imo? Swali hili si la mzaha. Watu wengi huitoa ili waone pointi vizuri, wakaiweka mfukoni, na kifuniko kikafungwa bila yake.

Kisha tengeneza taa ya kupimia, yaani balbu ndogo ya volti 12 yenye nyaya mbili. Waya mmoja uguse chuma cha injini. Wa pili uguse ile ncha ya koili iendayo kwenye distribuita. Fungua swichi, uzungushe injini pole pole. Pointi, yaani vile vidomo viwili vya chuma vigusanavyo na kuachana ndani ya distribuita, zikifunguka taa yapasa kuwaka. Zikifunga, taa yapasa kuzimika. Yakiwa hivyo, upande huu wa nyaya ndogo ni mzima, ubovu uko kwenye koili, waya mnene, kifuniko au rota.

Taa ikiwaka daima bila kuzimika, pointi hazigusani, ama ni chafu, ama waya wa distribuita umekatika. Pointi mpya hupakwa mafuta kiwandani zisipate kutu; mafuta hayo yasipofutwa kwa kitambaa safi huzuia umeme. Nafasi yake ziwapo wazi kabisa ni karibu milimeta 0.4, ipimwe kwa kipimo cha bati.

Taa isipowaka hata mara moja, ipeleke kwenye ncha ya pili ya koili. Ikiwa huko nako haiwaki, umeme haufiki kwenye koili: tazama fyuzi, swichi na waya wake. Ikiwa huko yawaka, basi yamkini pointi zimeungana na mwili wa gari daima. Sababu kubwa ni vile vijiringi vidogo visivyopitisha umeme, vinavyokaa kwenye parafujo ya pointi. Mtu akivirudisha kwa mpango usio wake, umeme wote hupotea hapo wala cheche haitoki kamwe. Kijiringi kidogo kuliko punje ya mtama huweza kulilaza gari zima.

CHECHE IPO, LAKINI HAIJI KWA WAKATI WAKE

Injini ikikohoa, ikipiga kelele kwenye kabureta au kwenye bomba la moshi, lakini haiwaki, uitilie shaka taratibu ya nyaya. Silinda haziwaki kwa kufuatana 1, 2, 3, 4. Katika injini nyingi za silinda nne, pamoja na ya Land Rover tuliyoitaja, taratibu ni 1, 3, 4, 2. Ziko nyingine zenye taratibu tofauti, kwa hiyo soma kitabu cha gari lako.

Tazama hasara ya kukosea. Mtu akizifunga nyaya kwenye kifuniko 1, 2, 3, 4 badala ya 1, 3, 4, 2, katika silinda zote ni ile ya kwanza tu ipatayo cheche kwa wakati wake. Tatu zilizobaki hupata cheche wakati usiofaa. Injini haitawaka hata ukizungusha mpaka jioni.

Ili kuhakikisha, toa plagi ya silinda ya kwanza, uweke kidole juu ya tundu, na mwenzako azungushe injini kwa mkono, swichi ikiwa imefungwa. Utakaposikia pumzi inakisukuma kidole, pistoni inapanda kubana. Endelea mpaka alama za mbele ya injini zikutane. Sasa rota yapasa kuelekea kwenye waya wa silinda ya kwanza. Kutoka hapo fuata upande rota inakozungukia, ukihesabu 1, 3, 4, 2.

Ikumbukwe sasa tuliyosema mwanzo: mhimili huzunguka mara mbili, rota mara moja. Kwa hiyo alama hukutana mara mbili, moja wakati wa kubana na moja wakati wa kutoa moshi. Aliyeichomoa distribuita akairudisha kwa kutazama alama tu, bila kupima pumzi, huweza kuiweka nusu duara kinyume. Cheche zitatoka zote, nzuri na za samawati, na hata moja haitafaa.

PETROLI NA PUMZI

Ikiwa cheche ni njema na yaja kwa wakati wake, geukia petroli. Kwanza hakikisha imo tangini. Kipimo cha dashibodi si mtume. Kisha toa ule waya mdogo wa koili ili pasiwe na cheche, fungua bomba kwenye kabureta, ulielekeze kwenye chupa, uzungushe injini. Petroli itoke kwa kuruka-ruka. Isipotoka, pampu mpya yaweza kuwa imefungwa mabomba yake kinyume, au mpira wavuta hewa, au bomba limeziba.

Petroli ikifika lakini plagi ni kavu, kabureta haipitishi: sindano imenasa, au gasketi imegeuzwa ikaziba tundu dogo. Plagi zikiwa zimelowa na harufu ni kali, injini imezama. Subiri kiasi cha dakika 10, funga choki isitumike, kanyaga mafuta mpaka mwisho bila kupiga-piga, kisha uzungushe. Tazama pia kama kuna mpira wa hewa uliosahauliwa wazi. Hewa ya ziada hupunguza nguvu ya mchanganyiko.

La mwisho ni mbano. Ikiwa hedi ilifunguliwa, au cheni au mkanda uendeshao vali uliguswa, na sasa stata yazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha kuzungusha. Yamkini vali zimekazwa mno hata hazifungi, au alama za mkanda zimepita. Katika injini nyingine pistoni hugonga vali zilizo nje ya wakati na kuzipinda. Kazi hii mwachie fundi mwenye vipimo.

MAGARI MAPYA

Magari ya siku hizi hayana kabureta wala pointi. Petroli na cheche huamriwa na kompyuta. Hata hivyo mambo manne ya lazima ni yale yale. Ukifungua swichi, sikiliza mlio mfupi wa pampu tangini. Usipousikia, tazama fyuzi. Tazama taa ya ulinzi wa ufunguo: ikimeta-meta, gari halikutambua ufunguo wako. Gari lenye gea za kujibadili haliwashiki ila katika P au N. Kagua soketi ndogo ya kile kipimio cha mwendo wa mhimili mkuu. Isiposhika sawasawa, kompyuta haitoi cheche wala petroli. Wala usiache waya wa plagi hewani ukipima, maana huharibu vyombo vyake. Fundi mwenye chombo cha kusoma makosa atakuambia kwa muda mfupi pa kuanzia, lakini nyaya na soketi bado zakaguliwa kwa macho na mikono.

NASAHA

Atakaye kutengeneza gari lake na ashike mambo matatu. Kwanza, afanye kazi moja, aliwashe gari, ndipo aanze ya pili. Aliyebadili plagi, pointi na kabureta kwa siku moja hajui ni lipi lililomponza. Pili, kabla ya kutoa waya aufunge uzi wenye mafundo ya hesabu: fundo moja kwa silinda ya kwanza, mawili kwa ya pili, na kuendelea. Tatu, vipande vya zamani visitupwe mpaka gari limewaka. Kipande cha zamani kilichokuwa kikifanya kazi ndicho kipimo bora cha kukijua kipya kibovu.

Na gari lingojwalo kuchukua wagonjwa lisifunguliwe jioni. Lifunguliwe asubuhi, siku ambayo liko jingine karibu, ili likikataa kuwaka asidhurike mtu kwa ajili ya majaribio yetu. Mwenye gari asiyefaulu asione haya kumwita fundi, wala asikate tamaa ya kujifunza. Kuvunjika koleo si mwisho wa uhunzi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja mambo manne ambayo injini ya petroli haiwaki bila hayo.
2. Taa ya kupimia yawaka daima kwenye ncha ya koili iendayo kwenye distribuita. Ubovu waweza kuwa nini?
3. Kwa nini alama za mbele ya injini peke yake hazitoshi kuiweka distribuita?
4. Kamba ya choki imetoa moshi wakati stata inazunguka. Ni waya gani uliosahauliwa?
5. Eleza namna ya kushika hendeli, na sababu yake.